Kukausha kiwanja kwa umeme: mwongozo kamili kwa viwanja vya udongo mwekundu wa Lubumbashi

Mvua ya Lubumbashi ikishika, kuanzia mwezi wa 11 hadi wa 3, eneo la mbele ya goli katika kiwanja chetu cha mpira huku mtaa wa Katuba hugeuka bwawa la bata. Nyasi hutangulia kufa. Unabaki utelezi mwekundu, na ukifika mwezi wa 6 utelezi uleule umekauka, mgumu kama tofali lililotoka tanuruni. Tulimwaga mchanga, ukamezwa. Mtu akashauri tujaze udongo wa kichuguu, tukajaza, na hapo ndipo tulipoharibu kabisa. Kijana anayetufyekea nyasi ndiye aliyeyasema yote kwa maneno machache: "Papa, mayi inalala pa juu, haishuke."

Hapa naeleza namna ya kuyavuta maji hayo kwa umeme wa betri, yaani mkondo mnyoofu (DC), unaopitishwa ndani ya udongo wenyewe. Si uchawi, na wala si dawa ya kwanza. Kama kiwanja chako hakijawahi kuchomwa matundu kwa uma wa bustani tangu kianze kuchezewa, anza na uma. Ukimaliza msimu mmoja na uma na maji bado yamelala, rudi tuongee.

Umeme unafanya nini chini ya nyasi

Punje za udongo wa mfinyanzi ni ndogo mno, na nyuso zake zina chaji hasi. Kwa sababu hiyo maji yaliyo kati ya punje hubeba ioni (chembe zenye chaji) chanya nyingi kuliko hasi. Ukichomeka chuma kimoja upande huu na kingine upande ule, ukakiunga cha kwanza kwenye chanya ya betri (anodi) na cha pili kwenye hasi (katodi), zile ioni chanya huelekea katodi na kuyakokota maji pamoja nazo. Mfizikia Reuss aliliona jambo hili Moscow na kuliandika mwaka 1809. Katika miaka ya 1930 mhandisi Leo Casagrande alilitumia Ujerumani kukausha na kuimarisha udongo laini wa ujenzi. Siku hizi Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, kimeendeleza vitambaa na mabomba ya plastiki yanayopitisha umeme kwa kazi hiyohiyo.

Faida yake iko kwenye mwendo. Katika mfinyanzi uliobana, maji yanayoshuka kwa uzito wake peke yake yanaweza yasifikishe hata milimita moja kwa siku. Umeme haujali sana udogo wa vitundu. Ukiweka volti 24 kati ya vyuma vilivyoachana mita moja, hesabu za kawaida za wahandisi zinatoa mwendo wa karibu sentimita moja kwa siku. Kwa mtu anayengoja mechi ya Jumapili hiyo ni kasi ya kinyonga, lakini kwa mfinyanzi ni mbio.

Kwenye vyuma vyenyewe maji huvunjika. Anodi hutoa oksijeni na asidi, katodi hutoa haidrojeni na alikali. Watu wa Katanga hatuhitaji kufundishwa sana hapa. Jirani yangu, mzee aliyetumikia miaka mingi kumbi za elektrolizi ambamo shaba hukusanywa kwenye sahani za katodi, alinielewa kabla sijamaliza kuchora. Kisha akanitazama na kuuliza: "Na anodi yako, utaitengeneza na nini?" Swali hilo ndilo lililookoa kiwanja chetu, na nitalirudia.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wa teknolojia hupenda kulipitia haraka. Umeme haulegezi udongo. Unaukausha, na mfinyanzi unaokauka husinyaa, hubana zaidi karibu na anodi, na hupasuka nyufa. Nyufa hizo ndizo mali yako. Ukizijaza mchanga na mboji mara moja, maji na mizizi vitapata njia. Ukiziacha, mvua ya kwanza itazifunga, na betri zako zitakuwa zimefanya kazi ya bure.

Hatua ya kwanza: jua kama ugonjwa ni mfinyanzi

Tafuta kopo kubwa la maziwa ya unga, likate chini liwe bomba. Lipigilie sentimita 5 ndani ya ardhi mbele ya goli kwa kuweka kipande cha ubao juu na kugonga taratibu. Mwaga maji, yaache yanywewe, jaza tena. Sasa simamisha rula ndani na uandike kimo cha maji. Rudi baada ya saa moja. Kama yameshuka chini ya milimita 5, una shida. Kama yameshuka milimita 20, shida yako ni nyingine: pengine kiwanja kina bonde na maji ya kiwanja kizima yanakimbilia hapo. Sawazisha, usiguse betri. Fanya kipimo hiki sehemu nne au tano na uandike kila moja kwenye daftari, kwa sababu utazirudia sehemu hizohizo baadaye.

Kisha chimba shimo la kina cha sentimita 50, upana wa kuingiza mikono miwili. Ukuta wake usome kama kitabu. Kama sentimita 8 za juu tu ndizo zilizogandamana kwa viatu na chini yake udongo unamomonyoka vizuri, uma unatosha. Kama kuanzia sentimita 10 hadi 40 ni mfinyanzi mzito unaoacha mng'ao pale beshi (sepeto) ilipopita, hapo umeme una kazi. Rangi ya kijivu na harufu ya yai viza ni dalili kwamba oksijeni haifiki. Na kama shimo linajaa maji kutoka chini, acha mpango huu wote. Viwanja vilivyo bondeni karibu na mto vina maji ya ardhini, na umeme hauwezi kuyahamishia mahali pasipokuwepo.

Viringisha udongo wenye unyevu kiganjani. Ukipata uzi mwembamba kama waya wa pasi, ukaukunja duara bila kukatika, huo ni mfinyanzi wa kweli. Huku kwetu mfinyanzi mwingi ni wa aina ya kaolini uliochanganyika na kutu ya chuma, ndiyo maana ni mwekundu. Kaolini hukubali kusukumwa kwa umeme vizuri kuliko mifinyanzi mingine. Kutu ya chuma hupunguza nguvu hiyo. Kwa hiyo majibu hutofautiana hata kati ya viwanja viwili vya mtaa mmoja, na ndiyo sababu nasisitiza kuanza na eneo dogo.

Angalia pia shaba. Kama kuna mahali nyasi hazioti kabisa, hata kiangazi, hata ukimwagilia, na udongo si mgumu, shuku madini kabla ya kushuku maji. Maeneo ya mji yaliyopokea moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba kwa miaka mingi yana shida hiyo. Umeme huzihamisha ioni za shaba pia, lakini kusafisha udongo wenye sumu ni kazi ya maabara, si ya kamati ya kiwanja.

(Kwa wasomaji wa Goma: udongo wenu wa majivu ya volkeno kwa kawaida unanywa maji wenyewe. Bukavu mfinyanzi upo tele, ila kiwanja kilicho ukingoni mwa mteremko kisichimbwe mitaro wala kuchezewa maji yake bila mtu anayejua maporomoko.)

Hatua ya pili: pima ukubwa wa kazi, na ukubwa wa mfuko

Usifikirie kiwanja kizima. Hesabu ni hii. Mfinyanzi wenye maji una ukinzani wa umeme wa takriban omu-mita 30. Kwa volti 24, safu zikiachana mita moja na vyuma vikifika kina cha sentimita 40, kila mita ya mraba ya kiwanja inakula karibu wati 8. Kiwanja cha mita 105 kwa 68 kina mita za mraba 7,140. Zidisha: kama kilowati 55, mfululizo. Hakuna kamati ya mtaa yenye hizo.

Lakini mbele ya goli, mita 6 kwa 4, ni mita za mraba 24. Hapo unahitaji wati 185 hivi, yaani ampea karibu 8 kwa volti 24. Betri mbili kubwa za volti 12 zilizounganishwa mfululizo, na paneli za sola za jumla ya wati 500 au 600, zinatosha. Na kwa kuwa sehemu inayokufa kwenye karibu kila kiwanja ni hiyohiyo, mbele ya goli na duara la katikati, utakuwa umeshika pale panapouma.

Msitegemee umeme wa nyumbani. Mbali na delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu, kuna sababu ya uhai ambayo nitaieleza kwenye usalama. Na kukatika kwa mkondo si hasara: mkondo unaokatizwa, saa kadhaa unawaka na saa kadhaa umepumzika, hufanya kazi vizuri zaidi kwa kila wati kuliko unaowaka bila kukoma. Jua la mchana na giza la usiku vinakupangia ratiba bure.

Hatua ya tatu: vyuma, hasa anodi

Hapa ndipo swali la mzee wa elektrolizi linaporudi. Anodi huliwa. Kila chuma cha kawaida unachokiweka upande wa chanya huyeyuka na kuingia ardhini, kwa hiyo chagua ukijua kitakachobaki kwenye udongo ambao watoto wataanguka na magoti wazi.

Shaba usitumie, hata kama waya za zamani zimejaa nyumbani. Shaba ikiyeyuka ni sumu kwa nyasi. Metali ya risasi usitumie kamwe. Mji huu una vipande vya anodi za risasi vinavyouzwa kama chuma chakavu, na muuzaji atakuapia kwamba "hivi ndivyo vya kazi hiyo hasa". Kwenye tangi la kiwandani, sawa. Kwenye kiwanja cha watoto, hapana. Chuma kisichoshika kutu, kile cha masufuria mazuri, kikiwa anodi kinaachia kromu na nikeli, nacho kiache.

Yanabaki mawili. Fimbo za grafiti, au titani iliyopakwa oksidi maalumu, haziliwi haraka na ndizo zinazotoa oksijeni hasa. Ni ghali, na grafiti huvunjika ukiigonga. La pili ni nondo ya kawaida, ferabeto ya milimita 12. Hii huliwa: ampea moja ikipita mwaka mzima inamaliza kilo 9 za chuma, sawa na gramu 25 kwa siku. Ioni za chuma zinazoingia kwenye udongo wetu ambao tayari umejaa chuma hazileti balaa. Ila jua hesabu yake: chuma kikiyeyuka, oksijeni inayotoka ni kidogo. Ukitumia nondo unalipia kukausha, si kupumulisha. Mimi nilichagua nondo, kwa sababu nondo inapatikana kila kona na nikikosea sipotezi mshahara.

Katodi haina shida. Upande wa hasi chuma hulindwa, kwa hiyo nondo inatosha na utaitumia tena mwaka ujao.

Kwa goli moja kata nondo 65 za nusu mita: safu tano, kila safu 13, zikiachana nusu mita. Nondo za anodi, 26, zivalishe juu kipande cha bomba la PVC cha sentimita 10, kiwe kama soksi. Soksi hiyo inazuia umeme na asidi visipite kwenye sentimita 10 za juu, ambako mizizi ya nyasi inaishi.

Hatua ya nne: mitaro ya katodi

Maji yakifika kwenye katodi lazima yapate mlango. Bila mlango umeyahamisha mita moja tu, na yatarudi usiku.

Chimba mitaro mitatu myembamba yenye urefu wa mita 6, sambamba na mstari wa goli, ikiachana mita 2. Upana sentimita 10 au 12, kina sentimita 40. Ipe mteremko wa sentimita 6 kutoka mwanzo hadi mwisho, yote ielekee upande mmoja nje ya eneo la kuchezea, kwenye shimo la kukusanyia. Nondo za katodi zikandamize kwenye ukuta wa mtaro, nusu ya unene wake ikizama ndani ya mfinyanzi. Mtaro wa kati unapokea maji kutoka pande mbili, kwa hiyo bandika nondo zake kwa zamu, moja kushoto, inayofuata kulia. Halafu laza bomba la plastiki lenye matundu, jaza kokoto safi hadi sentimita 10 chini ya uso, na malizia na mchanga mkubwa wa mto.

Kosa langu la mwaka wa kwanza lilikuwa hapa. Nilimwaga kokoto kwanza, nikachomeka nondo katikati ya kokoto, nikawasha. Multimeta ikaonyesha ampea 0.3. Nilibadilisha waya, nikabadilisha betri, nikamlaumu kijana kwamba hakukaza klipu. Nondo zilikuwa zimening'inia kwenye kokoto kavu bila kugusa udongo. Kokoto kavu haipitishi umeme. Tulifukua mitaro yote mitatu kwa mikono, kimya kimya, na yule kijana hakusema neno, jambo lililoniuma zaidi.

Safu mbili za anodi zipigilie katikati ya mitaro, mita moja kutoka kila upande. Ukitazama kutoka golini utakuta: mtaro, anodi, mtaro, anodi, mtaro.

Andika idadi ya nondo ubaoni kabla ya kupigilia. Nondo 65 zimeingia, nondo 65 lazima zitoke. Sisi siku moja tulitoa 64. Tulizunguka na sumaku ya spika iliyofungwa kwenye kamba hadi jua likazama, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukanyaga hapo mpaka ilipopatikana chini ya soksi yake ya PVC iliyokuwa imezibwa na tope. Nondo moja iliyosahauliwa inatosha kulipasua paja la mchezaji.

Hatua ya tano: waya na usalama

Tumia waya mnene, milimita za mraba 6. Vuta waya mmoja mkuu kwa kila safu na uufunge kwenye kila nondo kwa klipu ya kukazwa. Viungo vya anodi vipake grisi na uvizungushie skochi ya umeme, la sivyo kutu itakula kiungo kabla haijala nondo. Kila safu ya anodi iwe na fyuzi yake ya ampea 10. Weka swichi moja kuu mahali anapokaa mlinzi, si mbali na betri.

Sasa usalama, na hapa sitanii. Kaa kwenye volti 24. Ardhi iliyolowa, miguu mitupu na volti nyingi haviendi pamoja. Usiunganishe mfumo huu na umeme wa ukutani, hata kupitia chaja ya betri, kwa sababu chaja mbovu inaweza kupitisha volti 220 kwenye nondo zote 65 kwa mara moja. Usikubali fundi yeyote akuletee mashine ya kuchomelea akisema "hii nayo ni DC". Inatoa mkondo mnyoofu kweli, lakini kabla haijagusa kitu volti zake zinaweza kufika 60 hadi 80. Chaji betri kando, zikiwa zimetenganishwa na kiwanja, au kwa sola tu.

Zungusha kamba eneo lote. Mkondo ukiwaka asikanyage mtu, wala mbuzi, wala mbwa. Mlinzi awepo muda wote, na akiondoka, hata kwenda kununua chikwangue, anazima. Usifunike shimo la kukusanyia maji kwa kifuniko kisichopumua, maana katodi hutoa haidrojeni, na haidrojeni iliyofungiwa hulipuka. Hewani inapotea yenyewe. Asivutwe sigara hapo.

Vaa glavu unapogusa maji ya mitaro. Yanaweza kuwa na alikali kali kama ya magadi, yakachoma macho. Usiyamwage kwenye bilanga ya mboga wala karibu na kisima, kwa sababu yanaweza kubeba madini.

Hatua ya sita: kuwasha na kutazama

Wakati mzuri ni mwisho wa mvua, mwezi wa 4. Udongo una maji ya kusukumwa, na angani hayaji mengine kila jioni. Ukichelewa hadi mwezi wa 7 mfinyanzi umekauka, umeme haupiti. Ukiwahi katikati ya mwezi wa 1, mvua inarudisha kwa dakika 20 ulichokitoa kwa wiki. Usitie mbolea ya chumvi wiki kadhaa kabla: chumvi inafanya umeme upite kwa wingi bila kukokota maji, na unamaliza betri bure.

Asubuhi ya kwanza washa na upime ampea. Zikiwa kati ya 5 na 10, endelea. Chini ya 2, tafuta nondo isiyogusa udongo. Zikipita 15, zima: ama chumvi ni nyingi, ama kuna nondo ya anodi imegusana na ya katodi. Pima volti pia kwenye nondo yenyewe, si kwenye betri tu. Tofauti kubwa maana yake kiungo kibovu.

Mchana wa kwanza usitegemee kijito. Kwa hesabu ileile ya mwendo, kila nafasi kati ya safu mbili, urefu wa mita 6, inaweza kutoa kama lita 25 kwa saa 24, yaani nusu yake kama unawasha saa 12. Nafasi nne, ndoo mbili na zaidi kidogo kwa siku. Ni tone, tone, tone kwenye mdomo wa bomba. Usishangae pia minyoo ikipanda juu, kwani haipendi mkondo. Kwetu watoto walisimama nje ya kamba na makopo wakingoja tuzime ili waikusanye kwa kuvulia samaki.

Kila jioni andika mambo matatu: ampea, lita za kwenye shimo, na pH (kipimo cha asidi na alikali) ya udongo karibu na anodi kwa karatasi za kupimia zile za maji ya piscine, bwawa la kuogelea. Ampea zitashuka siku hadi siku udongo unapokauka. Zikifika theluthi ya zile za mwanzo, au lita zikikaribia sifuri, kazi imekwisha. Kwa kawaida panga siku 7 hadi 14. pH ya kwenye anodi ikishuka chini ya 4, pumzisha. Asidi hiyo huua chaji hasi ya punje, na maji huacha kusogea hata kama umeme unapita. Unaweza kugeuza chanya na hasi kwa saa moja kila siku ili kupooza asidi, lakini usizidishe, kwa sababu katika saa hiyo maji nayo yanageuka na nondo za katodi zinaanza kuliwa.

Hatua ya saba: kazi yenyewe, baada ya kuzima

Watu wengi wakishang'oa nondo hupiga picha na kwenda nyumbani. Una siku mbili au tatu tu.

Siku uliyozima, chomeka uma wa bustani kila sentimita 10, ingiza meno hadi mwisho, vuta mpini kidogo nyuma ili udongo upasuke chini, chomoa. Udongo haupaswi kuwa mkavu kabisa wala wa kubonyea. Ukibonyeza kwa kidole ukaacha alama bila kushika, ndio wakati wake. Mwaga mchanga mkubwa wa mto uliochanganywa na mboji iliyooza sawasawa, mchanga mafungu mawili kwa fungu moja la mboji, kisha usugue kwa ufagio mgumu uingie kwenye matundu na nyufa. Usichanganye mchanga na mfinyanzi wenyewe kwa jembe. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi mwingi hutengeneza zege. Mchanga ubaki umesimama kwenye matundu kama nguzo.

Kwenye mistari ya anodi nyunyiza chokaa ya kilimo, gramu 100 hadi 200 kwa mita ya mraba, kulingana na pH uliyoipata. Usiiguse mistari ya katodi, yenyewe tayari ina alikali, na maji ya mvua yataisuuza kupitia kokoto.

Hesabu nondo. Ziba matundu yake kwa mchanga uleule. Mitaro yenye bomba na kokoto inabaki, nayo itaendelea kupokea maji kwa miaka mingi bila wati hata moja. Kusema kweli, nusu ya faida tuliyoipata naamini ilitoka kwenye mitaro hiyo. Ukikosa pesa ya betri na paneli, chimba mitaro peke yake na uchome uma, utakuwa umeenda zaidi ya nusu ya safari.

Kiangazi kizima usiruhusu mazoezi mbele ya goli hilo. Hamisha goli kwa mita kadhaa, au cheza upana wa kiwanja. Hapa ndipo tulipogombana na makocha kuliko kwenye jambo lolote la umeme. Mwagilia kidogo mara moja kwa wiki ili mboji isife. Mvua za kwanza zikidondoka, mwezi wa 10, panda vipande vya nyasi za kutambaa vyenye vifundo, ukivipanga kila sentimita 10 na kuvikandamiza kwa mguu. Cynodon dactylon, ile inayovamia bilanga bila kualikwa, inavumilia viatu kuliko paspalum nzuri ya bustani za wakubwa.

Mwezi wa 1, mvua ikiwa imekolea, rudi na kopo lako la maziwa kwenye sehemu zilezile ulizoandika. Soma rula baada ya saa moja. Kama namba haijapanda kuliko ya mwaka uliopita, usirudie umeme kwenye kiwanja hicho. Uza paneli, nunua mchanga. Kama imepanda, goli la pili linakungoja mwezi wa 4, na katodi zako 39 bado zipo stoo.